Jiwe la Digrii Thelathini

Chamazi, Dar es Salaam
3 Februari 2024

Dada Editha,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo kama mnavyosalimiana huko. Huku wote tunapumua. Mama anakusalimu sana, goti limepoa tangu aache kukaa kwenye kile kigoda kifupi, na anauliza kama blanketi alilokufungia linafaa kwa baridi ya Njombe. Joto la Chamazi usiulize, kuku wenyewe wanashinda kivulini midomo wazi. Baba yupo. Anachonga.

Najua huko unovisini, kwenye malezi ya usista, simu hamna na barua ni moja tu kwa mwezi, kwa hiyo hii sitaimaliza kwa habari za majirani. Nina shida, na mtu wa kuimaliza ni wewe.

Usicheke. Natengeneza gemu. Pale steshenari ninapochapa na kutoa kopi, wateja wakipungua mchana najifunza kuandika programu kwenye ile kompyuta ya dukani. Gemu langu liko hivi: mama ameanika dagaa katikati ya uwanja, na kunguru wanakuja kutoka kila upande. Wewe umekaa penye dagaa na mawe yako. Ukigusa skrini alipo kunguru, jiwe linaruka kumfuata. Dagaa wakiisha, umeshindwa.

Sasa jiwe langu linajua njia nane tu. Kila kitu kwenye skrini kina nambari mbili, moja ya kwenda pembeni na moja ya kwenda juu au chini. Nimeongeza na kupunguza kwa kubahatisha mpaka jiwe likaweza kwenda kulia, kushoto, juu, chini, na mishazari minne. Kunguru akijia katikati ya njia hizo anakula dagaa huku ananitazama. Halafu kuna jambo lingine silielewi. Jiwe la mshazari linakimbia kuliko la kunyooka, wakati yote nimeyawekea tano. Nimeuliza watu wawili wakasema, hiyo trigonometria, kaka, wakaondoka haraka kama nimetaja ugonjwa.

Unakumbuka F yangu ya hesabu kidato cha nne. Shule nzima uliyokuwa unafundisha Temeke walikuwa wanapata A kwako, ila ndugu yako wa tumbo moja akapata F. Nisaidie kulifuta hilo.

Mdogo wako,
Venance


Njombe
2 Aprili 2024

Mdogo wangu Venance,

Heri ya Pasaka. Barua yako ilinikuta siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu, na Kwaresima nzima hapa hatuandiki wala hatujibu. Kwa hiyo jiwe lako nimekaa nalo kichwani siku arobaini, hata wakati wa kupalilia viazi. Mwambie mama blanketi linatosha nikilikunja mara mbili. Goti asilikandie maji ya moto sana, namjua. Na barua zote zinazoingia na kutoka husomwa kwanza na mlezi wetu, Sista Lusungu, kwa hiyo ukiandika msalimie naye.

Kwanza nikupe haki yako. Umeona kwa macho yako kwamba jiwe la mshazari linakimbia zaidi. Wanafunzi wangu niliwafundisha mwezi mzima na wengi hawakuliona hilo. Ukienda tano kulia na tano juu kwa pamoja, umbali wenyewe si tano, ni saba na kitu. Wewe uliyepata F umeligundua peke yako kwenye kompyuta ya steshenari, na mimi dada yako nimefurahi mpaka nikachelewa sala ya mchana.

Sasa sikiliza. Jichoree duara, wewe uko katikati, na kutoka kwako mpaka ukingoni ni hatua moja. Jiwe lolote unalorusha litapita ukingo mahali fulani. Pembe inakuambia ni mahali gani: sifuri ni kulia kabisa, tisini ni juu kabisa. Kosain ya pembe inakwambia jiwe limekwenda pembeni kiasi gani, na sain inakwambia limepanda kiasi gani. Kwa digrii thelathini, pembeni ni 0.866 na juu ni 0.5. Ukitaka mwendo wa kumi, zidisha kwa kumi: 8.66 kulia, 5 juu. Njia nane zimekwisha, sasa unazo zote, na kila jiwe lina mwendo uleule. Nimekuchorea nyuma ya karatasi. Kwanza jizoeze kwa pembe unayoitaja mwenyewe. Namna ya kuijua pembe alipo kunguru tutafika.

Nadhiri zangu za kwanza zimepangwa Jumamosi, tarehe 12 Oktoba. Wazazi wa kila novisi humsindikiza binti yao kutoka mlangoni mpaka altareni. Asiye na wazazi hutembea na Mama Mkuu. Sikuulizi kitu, nakupa habari tu.

Umeandika, "Baba yupo. Anachonga." Nimeisoma hiyo kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua. Tangu siku niliyomwambia naacha kazi nije huku, akaniuliza hesabu alizonisomesha nakwenda kumhesabia nani, hajanitumia hata salamu. Huu ni mwezi wa kumi na tano. Simlaumu.

Dada yako,
Editha


Chamazi
20 Aprili 2024

Dada,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Sista Lusungu, natumaini mwandiko wangu haumchoshi macho. Huku ni mvua juu ya mvua. Maji yaliingia mpaka jikoni, mama akapika wiki nzima barazani, na bado alikuwa anaimba. Benchi la baba la kuchongea tulilipandisha juu ya matofali.

Duara lako nimelielewa. Nasema kweli, nimelielewa, na nimelieleza kwa mteja mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti, akabaki ameshika bahasha yake tu. Unaeleza kama mtu anayekuonyesha njia ya dukani. Ningefundishwa hivi mapema nisingekuwa nauza kopi.

Ila jiwe limekataa. Nimeliambia digrii thelathini, likapaa juu karibu wima. Nikaliambia arobaini na tano, likashuka chini kulia. Sitini, likaenda zake kushoto. Nimeandika kosain na sain kama ulivyoagiza, nimehakiki kila nukta. Nimekuchorea mishale yote mitatu hapa chini, na namba zake pembeni.

Barua zako nazisoma kwa sauti nyumbani, mama anapenda. Habari ya Oktoba niliisoma. Baba alikuwa anapiga msasa. Aliendelea kupiga msasa.

Venance


Njombe
26 Mei 2024

Venance mdogo wangu,

Sie wazima, ila mikono imepasuka kwa baridi. Mpe mama pole ya mafuriko, na umwambie wimbo wa jikoni naukumbuka.

Kuchelewa huku umekusababisha wewe na mishale yako. Barua ilikaa mezani kwa Sista Lusungu wiki tatu. Zile za mwanzo alizipitia juu juu tu kwa shughuli za Kwaresima na Pasaka. Aliniita ofisini, akaiweka mbele yangu, akaniuliza kwa upole sana ni kijana gani huyu anayeniita dada na kunitumia ramani. Namba thelathini, arobaini na tano, sitini, mishale kila upande, na hakuna mstari hata mmoja wa Mungu. Alidhani ni siku na mahali pa kukutana. Nilicheka, na hapo nikawa nimeharibu zaidi. Ikabidi nichukue sahani na kijiko nimweleze trigonometria nzima, tangu duara mpaka kunguru. Alinisikiliza saa nzima. Mwishoni akasema niendelee kukujibu, na tangu hapo akinikuta bustanini ananiuliza jiwe limefika wapi.

Kosa si lako, ni langu. Nilisahau kwamba mashine haihesabu pembe kwa digrii. Inatumia kipimo kinachoitwa radiani. Chukua uzi, upime kutoka katikati ya duara mpaka ukingoni, ukate. Sasa uzi huohuo ulaze juu ya ukingo wenyewe. Pembe iliyofunikwa na uzi ndiyo radiani moja. Wewe uliiambia thelathini, yenyewe ikazungusha nyuzi thelathini, ikalizungukia duara karibu mara tano na kusimama popote. Ilikutii. Kila pembe yako izidishe kwa pai, ugawanye kwa mia na themanini, ndipo uipe. Thelathini itakuwa 0.52.

Mishale yako mitatu ndiyo iliyoniambia. Ungeniandikia "jiwe limeharibika" nisingejua kitu. Umechora ulichokiona, hukuchora ulichotaka kukiona, na hilo watu wengi waliosoma hawaliwezi.

Kuhusu Oktoba hujaniandikia zaidi ya msasa. Basi.

Editha


Chamazi
15 Juni 2024

Dada Editha,

Shikamoo, na umwambie Sista Lusungu kwamba kijana wa ramani anamwamkia. Mama amecheka mpaka akashika ubavu. Goti zuri, maji yamekauka, na mihogo ya uani imeanza kushika.

Nikupe habari kwa utaratibu, maana zipo mbili.

Ile ya uzi niliisomea barazani, kisha nikachukua sufuria ya ubwabwa na uzi wa kushonea nikaanza kupima. Uzi ukawa unateleza. Baba akanyanyuka benchini, akaninyang'anya uzi, akaenda kwenye gogo la mpingo lenye ncha aliyoikata mviringo kabisa. Akapima kati mpaka ukingo, akakata, akauzungusha ukingoni akiweka alama kwa patasi. Mara sita na kipande. Akapima tena, mara sita na kipande kilekile. Akachukua gogo jembamba, akarudia, ikatoka vilevile. Akakaa anaitazama ile alama muda mrefu. Halafu akarudi kwenye kazi yake. Mimi nikawa na radiani yangu kwenye mpingo, nani mwingine anayo?

La pili. Nimegeuza digrii kuwa radiani kama ulivyosema. Thelathini ikaenda kulia vizuri, kwa mwinamo sawasawa kabisa na mchoro wako, ila inashuka chini badala ya kupanda. Kila jiwe la juu linakwenda chini. Siku nne nimehangaika. Sikutaka kugusa sain kwa sababu wewe ndiye uliyeandika, na niliamini mwandiko wako kuliko macho yangu.

Baba alikuwa nyuma yangu, nimelihamishia gemu kwenye simu, anaangalia mawe yanavyoanguka. Unajua yeye anavyochonga. Huanza na kichwa juu kabisa ya gogo, na kila kitu kingine hukipima kushuka kutoka hapo: shingo vidole vinne, bega vidole sita. Akauliza sifuri iko wapi kwenye skrini. Nikatafuta, nikakuta iko juu, kwenye kona ya kushoto, na namba zinaongezeka zikishuka. Hapo akasema, namnukuu neno kwa neno:

"Mwambie huyo mwalimu, mashine inaanzia kichwani kama mie."

Nikaweka alama ya kutoa mbele ya sain. Jiwe la thelathini likapanda kulia, limenyooka, zuri, mpaka mama akapiga kigelegele.

Venance


Njombe
14 Julai 2024

Venance,

Natumaini mama na wewe hamjambo. Mimi sijambo, nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Amesema mwalimu? Una hakika alisema mwalimu? Niandikie alikuwa amesimama au amekaa, na sauti ilikuwaje. Najua naonekana mtoto, lakini andika.

Umwambie baba amenisahihisha na amenisahihisha sawa. Miaka minne nimesimama mbele ya ubao, na ubaoni kila namba inapanda kwenda juu, sikuwahi kufikiri kwamba kuna anayeanzia kichwani. Ametazama mawe yanaanguka akauliza swali moja tu, sifuri iko wapi. Ndilo swali ambalo mimi mwenye shahada nilipaswa kuliuliza Februari. Na kupima mara ya pili kwa gogo jingine, hilo hakufundishwa na mtu. Nimemsimulia Sista Lusungu, akasema anatamani kumwona mzee huyo. Nikamwambia hata mimi.

Tuendelee. Sasa uipate pembe ya kunguru. Tafuta yuko pembeni mwako kiasi gani na juu yako kiasi gani. Gawanya cha juu kwa cha pembeni, hiyo ndiyo tanjenti. Kisha iambie mashine ikurudishie pembe yenye tanjenti hiyo. Kunguru aliye hatua nne kulia na tatu juu, tatu kwa nne ni 0.75, pembe ni kama digrii thelathini na saba. Mashine itakupa kwa radiani, usiigeuze tena.

Barua rasmi ya mwaliko wa nadhiri itawafikia wazazi mwezi huu kutoka kwa Mama Mkuu. Iko kwa majina yao wote wawili.

Dada yako,
Editha


Chamazi
6 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Mama mzima. Baba alikuwa amesimama aliposema mwalimu, na sauti ilikuwa ya kawaida, ile anayoongea na mafundi wenzake. Nimeona nianze na hilo kwa sababu mengine si mazuri.

Mwaliko umefika. Nilimsomea mwenyewe. Ulikuwa unakwenda vizuri mpaka pale palipoandikwa kwamba wazazi wanaalikwa kuja "kumtoa binti yenu kwa Bwana". Baba akanisimamisha. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka tezo chini.

"Mie sitoi mtu. Nilimsomesha ili awe mwalimu, akazitupa hesabu kule. Waendelee wenyewe."

Mama akajaribu, akamwambia nyie wanaume mnashika neno moja mnaacha barua nzima. Akaokota tezo, akarudi benchini. Tangu siku hiyo nikianza kusoma barua zako anatoka, anakwenda kusimama nje ya geti. Ile ya Julai, yenye sifa zake zote, hakuisikia. Nilikuwa nimefurahi kuisoma, dada. Nimeumia.

Gemu nalo limekwama, labda limeona hali ya nyumbani. Kunguru akiwa kulia, jiwe linampata barabara, juu na chini. Akiwa kushoto, jiwe linakwenda upande wa pili kabisa, linamkimbia. Kunguru wote sasa wanaweza kula kwa kushoto bila wasiwasi. Nimechora tena, usije ukaniambia sikuchora.

Venance


Njombe
1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Salamu kwenu, kwa mama hasa. Nimeomba ruhusa ya karatasi mbili.

Kwanza jiwe. Kunguru wa kwanza yuko nne kulia na tatu juu. Wa pili yuko nne kushoto na tatu chini, kinyume chake kabisa. Gawanya: tatu kwa nne, 0.75. Hasi tatu kwa hasi nne, 0.75. Umeona? Ukishagawanya, mashine haiwezi kujua ni yupi kati yao, na inakuchagulia wa kulia daima. Mimi ubaoni nilikuwa natazama mchoro nikajua, yenyewe haina mchoro. Usigawanye. Ipo amri ya mashine inayoandikwa atan2, inapokea namba mbili zikiwa bado mbili, ya juu kwanza halafu ya pembeni, kila moja na alama yake. Ya juu uipe ile alama ya kutoa ya baba. Nimejaribu kwa kalamu kunguru wanane, kila upande wawili, na wote wanane wamepigwa. Nenda kajaribu.

Kuanzia hapa usisome kwa sauti.

Nilijua tangu Machi kwamba nikishaweka nadhiri napelekwa kufundisha hesabu kwenye shule ya wasichana ya shirika, kidato cha tatu na cha nne. Nimeficha. Ningeandika mstari mmoja tu wa hilo na baba angepanda basi kesho yake. Lakini angekuja kwa ajili ya hesabu. Mimi nataka aje kwa ajili yangu, hata kama ningekuwa nakwenda kulima viazi maisha yangu yote. Huenda ni kiburi. Sista Lusungu anasema ni kiburi, kisha akasema ananielewa.

Baba ndiye aliyenifundisha kuhesabu, kwa vipande vya mpingo, kabla sijaanza shule. Kila mtihani wa hesabu niliofanya nilikuwa naona mikono yake. Nikitembea na Mama Mkuu siku ile nitatembea, na nadhiri zitakuwa nadhiri. Ila nitakuwa natazama mlangoni. Nakuandikia wewe kwa sababu huko nyumbani sina mwingine wa kumwambia, na usimwambie.

Editha


Chamazi
22 Septemba 2024

Dada Editha,

Shikamoo. Mama mzima, kesho anakwenda kusuka. Utajua kwa nini.

Karatasi ya kwanza niliisoma barazani. Baba alitoka kama kawaida yake, akasimama getini. Nilipofika kwenye hasi tatu kwa hasi nne, akarudi mpaka mlangoni akasema nirudie hapo. Nikarudia. Akaniambia nitengeneze sasa hivi, naye anaona. Nikaandika atan2, ya juu kwanza na alama yake ya kutoa, halafu ya pembeni. Akaishika simu mwenyewe. Kunguru akaja kutoka kushoto chini, baba akamgusa, jiwe likamwendea moja kwa moja. Akapiga wanane, kila upande wawili. Nadhani hakujua kama nawe ulipiga haohao.

Halafu akaniuliza, dada yako analionaje gemu hili kule, wamepewa kompyuta? Nikamwambia hana kompyuta, hana simu, hajawahi kuliona hata picha. Anachora kwenye karatasi tu. Baba akasema, hajaliona? Nikasema hajaliona, baba. Tangu Februari anarekebisha kwa barua. Akakaa chini kwenye ngazi na ile simu. Kunguru walimaliza dagaa wote, hakuwagusa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Huyo ni fundi." Unajua miaka yote amewaita watu wangapi fundi. Mie nimehesabu wawili, na mmoja ni marehemu babu.

Karatasi ya pili hakuisikia. Nakuapia. Iko chini ya godoro langu na hakuna aliyeisoma. Siku tatu baadaye akaniomba karatasi na kalamu, akaniambia nisisimame nyuma yake. Barua yake nimeifunga humuhumu.

Mdogo wako anayekupenda,
Venance


Editha,

Mie siyo mtu wa kuandika. Nilisema umezitupa hesabu, tena nilisema mbele za watu. Nilikosea. Kitu ambacho hujakiona umekinyoosha kwa kalamu miezi minane. Mie nikikosea mpingo nauona, naushika. Hata kama huko hutamfundisha tena mtu yeyote, neno lile sitalisema tena.

Kukutoa siwezi kusema nakutoa. Nitakuja kukusindikiza.

Mie na mama yako tunapanda basi tarehe tisa. Huko kwenye baridi sijawahi kufika. Niandikie nivae nini.

Baba yako,
Anselmo